Darubini ya Tatu

Darubini za bunduki zilikuwa tatu. Abdulswamad alizipanga juu ya kipande cha boksi la sabuni, kwenye duka lake la Mwembesongo linalouza ndoana, tochi, vyandarua na vitu vya mtumba ambavyo hata yeye hajui vyote vinafanya nini. Mbele yake, kwenye benchi, walikaa wateja wawili walioteremka kutoka milimani asubuhi hiyo: Stambuli, mwindaji wa miaka hamsini na nane, na Mwanaheri, mjane wa mtu aliyeuawa na Stambuli.

Walikaa karibu karibu kama watu waliozoeana, na kweli walikuwa wamezoeana. Kwa miaka sita Stambuli alikuwa akimlimia Mwanaheri shamba lake kule Lubungira, juu ya Mkuyuni. Ndivyo wazee walivyoamua baada ya msiba, na ndivyo inavyoamuliwa huko siku zote. Aliyeua kwa bahati mbaya huchukua jembe la marehemu na kuilimia familia yake kwa jembe hilohilo, masika na vuli, mpaka chuma kilike chote ibaki shingo. Siku hiyo husomewa dua, hupewa mkono, na jina lake humrudia. Jembe la Maneno, mume wa Mwanaheri, lilikuwa limebaki upana wa vidole viwili. Stambuli alilipima kila Ijumaa akitoka msikitini. Hakuwahi kulinoa zaidi ya haja, maana aliona kufanya hivyo ni kumwibia marehemu.

Shida ilikuwa nguruwe mwitu. Tangu siku ile Stambuli hakuigusa tena bunduki yake, raifo aliyorithi kwa mjomba wake, na nguruwe walipopata habari walihamia jirani. Msimu uliopita walimwachia Mwanaheri mistari mitatu ya mihogo. Alimwambia Stambuli awapige. Stambuli akasema hapana, macho yake haya haya ndiyo yaliyomwona Maneno yakasema ni nguruwe.

"Basi tukanunue macho mengine," alisema Mwanaheri, akauza tangawizi yake yote.

"Hii ya kwanza, mzee," alisema Abdulswamad, "inavuta mara kumi na mbili. Ukungu hauingii hata ukiitumbukiza kwenye ndoo. Lakini kwa bei yake, tusitaniane."

"Tusitaniane," alikubali Stambuli.

Ya pili ilivuta mara tisa na ilikuwa inang'aa kuliko zote. Stambuli aliishika, akaitikisa karibu na sikio. Ndani kitu kililia. "Hii ikipigwa teke na bunduki mara tatu inakuwa kayamba," alisema, na Abdulswamad hakubisha.

Ya tatu haikuwa na boksi. Pete zake za kufungia zilikuwa zimechubuka, na ilivuta mara nne tu. Bei yake ilikuwa sawa na madebe mawili ya tangawizi waliyouza. Stambuli alisema mara nne zinatosha. Shamba lenyewe ni hatua mia na hamsini, na mtu anayenunua mara kumi na mbili kwa shamba la mihogo labda anataka kuhesabu kope za nguruwe. Akauliza jicho likae mbali kiasi gani na kioo, kwa sababu alimjua mtu wa Kinole aliyechanwa nyusi na darubini yake siku ya kwanza tu. Akaambiwa vidole vinne.

"Ila hii sikufichi, mzee wangu," alisema Abdulswamad. "Ina kasoro. Haionyeshi leo."

"Inaonyesha lini?"

"Inategemea. Ukiielekeza hapo nje utaona barabara kabla ya lami. Kuna kitufe hapa juu, ukikizungusha inasogea. Aliyeniletea alisema ikifungwa kwenye bunduki inatulia."

Mwanaheri alitaka kujua kama ukungu unaingia.

"Ukungu hauingii, mama. Kwa hilo nakuhakikishia."

Stambuli aliisogeza kwenye jicho. "Kuna msalaba humu."

"Wa kulengea tu, mzee. Zote zinao."

Wakalipa. Abdulswamad aliwafungia kwenye gazeti, akawaongezea kitambaa cha kufutia kioo bila malipo, na wakawahi gari la Mkuyuni.

Kesho yake Stambuli alizifunga pete, akaenda kuisawazisha bunduki. Alitundika debe bovu la mafuta kwenye mti, akarudi hatua mia, akalala kifudifudi juu ya gunia. Kwenye kioo mti ulikuwepo, debe halikuwepo. Alizungusha kitufe. Kila kilipolia, mti uliongezeka au ukapungua. Alipojaribu kukisukuma kuelekea leo kilifika mahali kikagoma, na kuanzia hapo hakikwenda mbele wala nyuma. Mti ulikuwa mfupi kwa kiasi cha miaka sita. Stambuli alilenga pale debe lilipopaswa kuwa, akafyatua, na debe likalia. Akaridhika kwamba darubini imekaa sawa.

Jioni alilala pembeni ya shamba la Mwanaheri, akasubiri nguruwe. Saa kumi na mbili na nusu alimwona Maneno.

Alikuwa anashuka na njia ya mtaroni, amebeba mzigo wa mashina ya mihogo ya kupanda. Alikuwa mzima, anatafuna kitu. Msalaba ulimkaa kifuani. Stambuli aliondoa kidole kwenye kifyatulio, akatoa risasi zote, akaziweka mfukoni. Kisha akamwita Mwanaheri, aliyekuwa anaosha masufuria.

"Shemeji, njoo. Mumeo yuko kwenye darubini."

Mwanaheri alijifuta mikono, akalala juu ya gunia, akaweka jicho vidole vinne. Alitazama muda mrefu.

"Amevaa lile shati la drafti," alisema. "Nililitafuta hilo shati, jamani, mpaka nikachoka."

Maneno aliinama kufunga kandambili yake iliyochomoka kamba. Akaanguka hivyo hivyo, ameinama. Mwanaheri aliinuka, akajikung'uta nyasi, akaenda kumalizia masufuria. Alilia huko huko jikoni, na Stambuli alimsikia.

Ilikuwa Jumanne ileile kila jioni. Darubini haikujua siku nyingine. Jioni ya nne Stambuli alipata ujasiri wa kujitafuta mwenyewe. Alijikuta upande wa chini, hatua chache nyuma ya mfenesi, hana mvi nyingi. Alijiona anafyatua. Aliona gome la mfenesi likiruka. Akashangaa kidogo, si sana, akaigeuza darubini kwenye mgongo wa mlima wa pili. Pale alisimama Bwana Jonathan, mkandarasi wa mjini, mgeni wa mwenyekiti, aliyekuja na kibali chake kuwinda siku mbili. Bunduki yake ilikuwa na darubini nene kama chupa ya chai. Moshi wa risasi yake ulikuwa bado unapanda. Milio miwili ilitoka pamoja, ndiyo maana kijiji kizima kilisikia mmoja.

Asubuhi Stambuli na Mwanaheri walikwenda kwenye mfenesi na panga. Kovu lilikuwepo, limefunikwa na gome jipya. Walichimba mpaka wakaipata risasi ya mjomba wake, imejikunja ndani ya mti, haijawahi kumgusa mtu. Stambuli aliishika kiganjani. Akakaa chini palepale kwenye majani ya mfenesi, akalia kama mtoto. Mwanaheri alimwacha alie, kisha akampa kanga ajifute.

Kikao kiliitwa Alhamisi, shambani, ili kila mtu aone. Mwenyekiti Mikidadi alitangulia. Alivua kofia, akalala kwenye gunia na kuangalia mpaka mwisho.

"Ndiye," alisema. "Na lile koti nalikumbuka."

Walipanga foleni watu kumi na sita. Kila mtu alitazama, akampisha mwenzake. Mzee mmoja alilalamika kwamba mara nne ni kidogo, lakini alipoulizwa kama ameona, alisema ameona. Kwa kuwa jua huzama mara moja tu, iliwachukua jioni tatu wote wamalize. Mtendaji wa kijiji aliandika kwenye daftari kwamba wananchi wameangalia na wameridhika.

"Basi jembe apewe mwenye kosa," alisema Mwanaheri.

Mwenyekiti aliliomba jembe, akaliweka kwenye goti, akaligeuza huku na huku. Bwana Jonathan ndiye aliyetoa mabati ya ofisi ya kijiji, na mabati hayo hayakuwa yamevuja hata masika moja.

"Limebaki vidole viwili," alisema. "Jamani, kweli tumtoe mtu mjini kwa ajili ya vidole viwili? Mzee Stambuli, wewe shamba umeshalizoea. Malizia tu."

"Na polisi, kituoni?" aliuliza Mwanaheri.

"Kesi ilishafungwa. Na darubini haiwezi kuapa, mama."

"Na jina langu?" aliuliza Stambuli.

"Jina linarudi jembe likiisha. Utaratibu ndio huo, mzee wangu, hatuwezi kuutengua kwa sababu ya mtu mmoja."

Stambuli aliumia. Aliumia kuliko siku ya msiba, maana siku ya msiba alijua ana kosa. Lakini vidole viwili ni mwaka na nusu, au miaka miwili ikiwa udongo ni laini. Alisema sawa.

Kwa heshima, mwenyekiti alimpigia simu Bwana Jonathan kumpa taarifa. Bwana Jonathan akaja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Aliacha gari barabarani, akapanda kwa miguu, akafika anahema. Aliwaamkia wakubwa wote, mmoja mmoja. Mwanaheri alitamani kumpiga mchi kichwani. Alimletea kiti, kwa sababu alikuwa mgeni na amepanda mlima, akampa maji. Maji yakamwagika kwenye viatu vya mgeni, na mgeni akasema hakuna neno.

Ilipotimia saa kumi na mbili na nusu Bwana Jonathan alijilaza kwenye gunia. Aliijua kazi. Jicho aliliweka vidole vinne bila kuambiwa. Akamfuata Maneno njia nzima ya mtaroni, akamwona anainama, akamwona anaanguka. Kisha akageuza, akajitazama mwenyewe pale mlimani kwa muda.

"Kweli ni mimi," alisema. "Nilihisi kuna kitu kilianguka."

Akainuka, akamgeukia Mwanaheri.

"Pole sana, mama."

"Asante," alisema Mwanaheri. "Umeona alikuwa anafunga kandambili?"

"Nimeona." Bwana Jonathan alijifuta magoti, akaipangusa darubini kwa kitambaa cha Abdulswamad. "Hii mlinunua bei gani?"

"Madebe mawili ya tangawizi," alisema Stambuli.

"Si mbaya. Kioo safi sana kwa bei hiyo. Yangu ilikuwa ya mamilioni, na siku ile sikumwona vizuri namna hii." Akauliza duka liko wapi, na Stambuli akamwelekeza. Alimwambia aulizie duka la ndoana, watu wote pale wanalijua.

Kabla ya kuondoka mgeni aliomba kutoa chochote. Mwenyekiti alishamdokeza kwenye simu. Dereva alipanda na furushi, Bwana Jonathan akalifungua mbele ya watu: jembe jipya, bado lina rangi nyeusi na karatasi ya kiwandani, chuma kipana.

"Nimesikia lenu limekwisha," alisema. "Haifai mzee kama huyu kulima na kipande. Hili ni kwa ajili ya marehemu."

Watu wakapiga makofi. Wazee walisogea pembeni, wakanong'ona, hawakuchelewa kurudi. Walisema jembe lililotolewa kwenye nyumba ya marehemu, kwa ajili ya marehemu, ni jembe la marehemu. Lile la zamani litatundikwa ofisini, chini ya mabati, kama kumbukumbu. Stambuli alisema lakini wote wameona. Mwenyekiti akasema ndiyo, wote wameona, hilo hakuna anayelikataa, mbona limeandikwa kwenye daftari.

Watu walipotawanyika Stambuli alilipima jembe jipya. Vidole kumi na vitatu. La Maneno alilipokea likiwa vidole kumi, na kutoka kumi hadi viwili ilimchukua miaka sita. Alianza kupiga hesabu, akaiacha njiani.

Jumapili jioni Mwanaheri alilala kwenye gunia kama kawaida yake. Alimtazama mumewe akishuka na mzigo wake, akitafuna, mpaka akafika pale anapoinama. Hapo akafunika kioo kwa kitambaa. Hakuwahi kuangalia zaidi ya hapo tangu jioni ile ya kwanza. Nyuma yake nguruwe walikuwa wameshaingia kwenye mihogo, wanavunja bila haraka.

Stambuli alikaa kizingitini kwa Mwanaheri na tupa, analinoa jembe, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekaribia na jembe jipya huwa butu. Alipitisha tupa mara tano upande huu, mara tano upande ule, kama alivyofanya siku zote. Akaiweka chini.

Mwanaheri alikuja akasimama karibu yake.

"Noa tena, shemeji," alisema.

"Limeshapata makali."

"Najua. Noa tena. Tupa nayo inakula chuma."

Stambuli alimtazama. Kisha akaiokota tupa. Alinoa mpaka adhana ya isha, na Mwanaheri akamshikia mpini usicheze, na vumbi la chuma likawajaa wote wawili mapajani. Mwanaheri alilikung'uta mlangoni, likawa la kujaa kikombe.

Asubuhi Stambuli alilipima kabla ya kwenda shambani. Vidole kumi na vitatu. Akalibeba begani, akaenda.