Manjano ya Shimwa

Gaju alikuwa akimbadilisha mtoto nepi chini ya dirisha la chumba chao, mtaani Gisozi, alipoona weupe wa macho ya mtoto umekuwa kama kiini cha yai. Kioo kilikuwa na vumbi la mbao kutoka karakana ya mumewe, Melchior, akadhani ni mwanga tu. Akakifuta. Macho yakabaki vilevile.

Akampeleka kwenye kliniki alikojifungulia. Nesi Trinah akambonyeza mtoto paji la uso kwa kidole kimoja. Gaju aliacha shule darasa la nne, na tangu hapo aliwaogopa watu wenye kalamu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama hakuna kipimo. Trinah alimweleza kuwa kompyuta haipokei damu ya mtu asiye na jina.

"Si mnampa jina siku ya nane? Fanyeni sherehe, kisha mumlete. Njano iko kawaida, mama."

Daktari Ntare alichungulia mlangoni kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye simu, akasema nesi yuko sahihi. Gaju alitaka kutoa jina palepale, jina lolote. Badala yake akamfunika mtoto, akaondoka.

Siku ya nane watoto wa majirani walikula, wakanawa mikono, kila mmoja akataja jina alilolipenda. Melchior akachagua Shimwa. Mwenye jina hakunyonya. Alipinda mgongo kama upinde, akalia kwa sauti nyembamba ya bawaba kavu. Wakakimbia naye hospitali kubwa, akalazwa chini ya taa ya buluu. Daktari wa huko akawaambia wamechelewa: manjano yameshaingia kwenye ubongo. Shimwa hatasikia, na huenda shingo yake isikaze kamwe.

Manjano yalipotoka kwenye ngozi ya Shimwa hayakupotea. Yalihamia kwenye kidole cha Trinah, kile alichobonyezea, na kwenye jicho la Ntare, lile alilochungulilia. Trinah alijaribu sabuni, jiki na mafuta ya taa. Ntare alinunua miwani myeusi. Mkurugenzi wa kliniki aliandika barua kwamba kila kitu kilifanyika ipasavyo. Kesho yake akaamka na mkono wa njano mpaka kwenye kiwiko. Wagonjwa waliona, wakaendelea kupanga foleni.

Wakili Winifred, aliyekulia Kampala, alifikisha madai ya Gaju na Melchior kwenye kamati ya malalamiko ya wagonjwa, mtaani Kiyovu. Mwenyekiti aliomba mkono, kidole na jicho vionyeshwe, vikaonyeshwa. Mjumbe mmoja alisema hiyo ni njano ya papai, mwenzake akasema ni ya haradali. Mwenyekiti alikubali kwamba rangi ni ya mtoto, hilo halina ubishi. Ila rangi, alisema, haielezi nani alichelewa, na familia ndiyo iliyotanguliza sherehe.

Gaju akasimama.

"Mheshimiwa, ningemwita hata Kiti, ili apimwe. Ningemwita Meza."

"Pole, mama. Kaa."

"Nimekaa sana."

Hakuna aliyeyaandika hayo. Kamati iliamua kwamba kliniki haina kosa, ila iangalie mwonekano wa wafanyakazi wake.

Kliniki ilitii. Ilipaka njano kuta za wodi ya wazazi, dari na vitanda, ikashona mashuka na sare za rangi hiyohiyo, mpaka kidole cha Trinah kikaacha kuonekana na Ntare akavua miwani.

Gaju alienda kuchukua kadi ya chanjo, Shimwa mgongoni, kichwa chake kimefungwa kwa kitenge kisianguke. Wodini, msichana aliyejifungua juzi alikuwa akimwuliza Trinah kama mtoto wake si wa njano. Trinah alimwinua yule mtoto, akamsogeza ukutani, akalinganisha.

"Iko sawa na sisi wote."

Gaju alimwambia yule msichana amtoe mtoto nje, amtazame kwenye mwanga. Safari hii alisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Msichana alimtazama Shimwa, akautazama ukuta, kisha akamshukuru nesi.