Swali la Mwenyekiti

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na hakuna aliyeijua kama yeye. Alijua dirisha lipi halifungi, bomba lipi hutoa maji ya kutu asubuhi, na daktari yupi ukimpigia simu anaitikia "niko njiani" huku bado anatafuta viatu. Wenzake walimwita Mama Wodi. Alikuwa na cheti cha uuguzi cha miaka miwili na uzoefu wa miaka ishirini na saba, basi. Masomo yake yaliishia pale, kwa sababu mwaka uleule aliohitimu mama yao alifariki, akamwachia mdogo wake wa kike wa miaka kumi na nne.

Mdogo wake ndiye aliyesoma. Alisoma mpaka majirani wakachoka kuuliza anamaliza lini. Akapata shahada ya uuguzi, kisha ya pili, kisha akazunguka hospitali arobaini kwa miaka mitatu akihesabu vifo, na utafiti wake ukaonyesha kwamba wodi zenye wauguzi wengi wa shahada hupoteza wagonjwa wachache kuliko zile zenye wauguzi wa cheti. Utafiti ukampa jina, jina likampa kiti bungeni, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya. Kila alipomwona kwenye televisheni, Mama Wodi aliwaambia wauguzi wenzake, "Yule mnayemwona hapo, nywele zake nimezisuka mimi," nao walicheka, wakampigia makofi.

Makofi yaliisha siku ulipotoka Muswada wa Kuendeleza Taaluma ya Uuguzi.

Katibu wa tawi la chama cha wauguzi, mwanamume mwembamba wa wodi ya upasuaji, aliusoma kwa sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Baada ya miaka mitatu, muuguzi wa cheti hataruhusiwa kutundika dripu, kuchoma sindano wala kutoa dawa. Ataitwa mhudumu wa wodi. Atatandika vitanda, ataosha wagonjwa, atalisha wasioweza kula wenyewe.

"Wanasema taaluma inasonga mbele," katibu alisema akikunja karatasi. "Haya, isonge. Sisi imetushusha kituo cha kwanza."

Wengine walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kamati ilikuwa inapokea maoni ya wadau Jumatano, na chama kilitakiwa kupeleka mtu mmoja. Macho yote yakamgeukia Mama Wodi.

"Mimi? Mimi sijui kuongea mbele ya wakubwa."

"Mwenyekiti ni damu yako," katibu akamwambia. "Wewe umemlea. Atakutazama, halafu atajiuliza anamfukuza nani kazini."

Usiku huohuo alimpigia mdogo wake akamweleza.

"Njoo, Dada," mdogo wake akasema. "Njoo useme ukweli tu. Mimi sikuombi kingine."

Jumatano alivaa sare, ile mpya, akaipiga pasi mara mbili. Chumba cha kamati kilikuwa na zulia nene na baridi ya kiyoyozi iliyomwingia mpaka kwenye magoti. Alimkuta mdogo wake amekaa katikati ya meza ndefu, miwani puani, chupa ya maji mbele yake. Hawakusalimiana kama ndugu. Mwenyekiti alisema, "Karibu, Bi Muuguzi, una dakika kumi," naye akasema, "Ahsante, Mheshimiwa."

Aliwaeleza jinsi unavyotafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto wa wiki tatu. Aliwaambia kuna wilaya ambazo ukiwaondoa wauguzi wa cheti utabaki na funguo na mlinzi. Mbunge mmoja mzee alicheka, akaandika. Mwingine alitikisa kichwa kumuunga mkono. Nyuma yake alimsikia katibu akinong'ona, "Wape, Mama, wape!" Alipomaliza alijua kabisa kwamba amewapata.

Ndipo mwenyekiti akavua miwani.

"Bi Muuguzi, nina swali moja. Katika miaka yako yote ya kazi, umewahi kumpoteza mgonjwa kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hukufundishwa?"

Mama Wodi alimtazama mdogo wake. Mdogo wake hakukwepa macho.

Alijua anaulizwa nini. Miaka kumi na tisa nyuma, asubuhi moja, mama mmoja alileta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anaharisha, macho yameingia ndani, mbavu unaweza kuzihesabu kutoka mlangoni. Daktari hakuwepo. Mama Wodi alifanya alivyofundishwa: mtoto amekauka, mpe maji haraka. Akatundika dripu, akaifungulia ikimbie. Kabla ya saa sita mchana mtoto alianza kuhema kama aliyepandishwa mlima. Miguu ikamvimba. Saa saba kasoro alikuwa ameaga dunia. Kwenye faili daktari aliandika kuharisha, na hakuna aliyeuliza zaidi. Miaka mingi baadaye lilibandikwa bango ukutani, na Mama Wodi akalisoma amesimama na beseni mkononi: mtoto aliyedhoofika sana kwa utapiamlo asipewe dripu ya kukimbia, moyo wake hauwezi kuyabeba maji hayo. Alilisoma mara tatu. Siku ile aliomba ruhusa akaenda nyumbani, akasema anaumwa kichwa.

Hakuwahi kumsimulia mtu. Lakini asubuhi ile ya mtoto, mdogo wake alikuwepo wodini, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeletwa kujifunza kwa vitendo, miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyemshikia chupa ya dripu wakati anatafuta mshipa.

Angeweza kusema hapana. Mdomo wake ulishaanza kuitengeneza hiyo hapana. Lakini kama ni kudanganya mbele ya mtu aliyeshika chupa, hilo alishindwa.

"Ndiyo," akasema. "Nimewahi."

"Tueleze, tafadhali."

Akaeleza. Alieleza yote, polepole, mpaka ile miguu iliyovimba. Hakuna aliyecheka wala kuandika. Mwenyekiti aliposema "Tunakushukuru kwa ukweli wako," katibu alikuwa ameshatoka nje.

Magazeti yaliandika kesho yake. Moja liliweka picha yake na sare yake iliyopigwa pasi mara mbili, na chini yake: MUUGUZI AKIRI. Wodini watu hawakumtukana, afadhali wangemtukana. Walipunguza sauti akiingia. Katibu ndiye pekee aliyemwambia usoni. "Tulikutuma utuokoe, Mama. Umetuchimbia kaburi na koleo ukaleta mwenyewe."

"Nimeulizwa, nikajibu."

"Si kila swali ni la kujibiwa!"

Jumapili alasiri, siku nne kabla ya muswada kupigiwa kura, mdogo wake alifika nyumbani kwake. Dereva alibaki nje na gari. Mama Wodi alikuwa anapiga pasi sare za wiki, hakuziacha.

"Umekula?" aliuliza, kwa sababu ndilo alilozoea kumuuliza tangu ana miaka kumi na nne.

"Nimekula, Dada." Mdogo wake alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani kama mgeni. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Swali lilikuwa zuri. Sheria yenyewe, nikikaa nikaifikiria, si mbaya. Kama ningefundishwa, yule mtoto leo ana miaka ishirini. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu Jumatano, na ndiyo maana sijakupigia kukutukana."

"Hujui yote."

"Niambie basi."

Mdogo wake aliinama. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kuhusu dripu. Tulikuwa tumefundishwa darasani wiki tatu kabla. Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Nilisimama pale na ile chupa nikajua unakosea, Dada, nikanyamaza."

Pasi ilikuwa juu ya kola. Mama Wodi aliinyanyua tu alipoanza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Ningekusahihishaje? Mbele ya mama wa mtoto, mbele ya wenzako? Wewe uliyeniosha, uliyenisomesha, mimi nina mwaka mmoja wa vitabu... Nilisema labda wewe unajua zaidi. Halafu alipoanza kuhema nikajua sasa nimechelewa."

Nje dereva aliwasha redio, kisha akaizima. Mama Wodi alichomoa waya wa pasi ukutani, akaukunja taratibu, akiusawazisha kila mzunguko.

"Siku ile uliogopa kuniaibisha mbele ya watu watano," akasema. "Jumatano hukuogopa kuniaibisha mbele ya nchi nzima."

Mdogo wake alianza kulia bila sauti.

"Kwa nini hukusema na lako palepale? Ningemaliza mimi, ukaanza wewe."

"Ningesema, muswada ungekufa. Fikiria, Dada. Utafiti wangu wote unasema muuguzi wa shahada anaokoa maisha. Halafu mwenyekiti mwenyewe anakiri kwamba elimu ya shahada ilikuwepo chumbani na mtoto akafa? Wangenichana vipande vipande. Na sheria ni nzuri. Umesema mwenyewe. Takwimu ni za kweli, sikupika hata moja."

"Sijasema umepika." Mama Wodi alikaa kitandani, sare mapajani, kola ina alama ya kahawia. "Ila elimu ilikuwepo, mdogo wangu. Ilikuwa imesimama pembeni yangu imeshika chupa. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mdomo. Sheria yako ina kifungu cha hicho?"

Mdogo wake alifuta machozi kwa kiganja.

"Basi Alhamisi kaseme. Kabla hawajapiga kura. Sema yote, halafu waache waamue."

"Dada..."

"Mimi nilisema."

Mdogo wake aliahidi atafikiria. Alipoinuka alimshika dada yake bega, mkono ukakaa kidogo kisha ukaondoka. Gari lilipogeuka, watoto wa jirani walilikimbilia wakipunga mikono.

Alhamisi Mama Wodi aliangalia bunge kwenye televisheni ndogo ya chumba cha wauguzi, yuko peke yake. Mwenyekiti wa kamati alisimama. Alizungumza vizuri mno. Alizungumza juu ya vifo vinavyozuilika, juu ya sayansi, juu ya taifa linalotaka kusonga mbele bila kumwacha mgonjwa nyuma. Alimtaja hata "muuguzi mmoja shupavu, aliyetufundisha maana ya uwajibikaji." Mama Wodi alingoja. Alingoja mpaka mwenyekiti akakaa, spika akauliza wanaokubali, na ukumbi mzima ukaitikia ndiyo.

Miezi miwili baadaye mdogo wake aliteuliwa naibu waziri.

Nafasi za kujiendeleza zilitangazwa: thelathini, kwa wauguzi wa cheti zaidi ya mia nne wa mkoa wao. Mama Wodi alijaza fomu. Akajibiwa kwa barua fupi kwamba mwisho wa umri ni miaka arobaini na tano. Yeye alikuwa na hamsini na mmoja. Alijua simu moja kwenda kwa naibu waziri ingeondoa kile kipengele, na alijua pia kwamba ingemwondoa mtu mwingine kwenye ile thelathini. Hakupiga.

Kitu kilichomsumbua zaidi kilikuwa kingine. Siku moja katibu alimfuata kwenye foleni ya chai. Hasira zilikuwa zimempungua, amebaki na uchovu. Chama kilikuwa kinatafuta njia ya kwenda mahakamani, alisema, na wakili anataka chochote kile, hata kidogo, cha kuitilia shaka ile sheria na aliyeileta.

"Wewe ndiye unayemjua kuliko sote. Hakuna kitu, Mama? Kitu chochote?"

Alikuwa na kikombe mkononi. Neno lilikuwepo, zima, limekaa kwenye ulimi. Sentensi mbili tu na naibu waziri angerudi kuwa mtu wa kawaida kabla ya mwisho wa wiki. Akaona nywele za msichana wa miaka kumi na nne katikati ya magoti yake, na kitana.

"Hakuna," akasema.

Alirudi wodini. Sasa na yeye amenyamaza, tena kwa sababu ileile. Hakujua kama huo ni upendo au ni ugonjwa wa ukoo wao.

Wiki ile waliletewa wanafunzi wapya wa chuo kikuu. Asubuhi ya kwanza aliwapanga kando ya kitanda namba sita. "Nisikilizeni. Mkiniona nakosea, semeni hapohapo. Hata kama mama wa mtoto anasikia. Hata kama daktari mkuu yupo. Nitanuna, lakini semeni." Waliitikia "sawa, Mama" kwa adabu, na kwa jinsi walivyotazama chini alijua hakuna hata mmoja atakayethubutu.

Siku ya tisa, akiwa anavuta dawa kwenye sindano, msichana mmoja mwenye sauti nyembamba akasema, "Samahani, Mama. Nadhani hiyo imezidi."

Mama wa mtoto aligeuka. Muuguzi mwingine akaacha alichokuwa anafanya. Uso wa Mama Wodi ulipata moto, na hasira aliyoisikia ilimshtua yeye mwenyewe: hiki kitoto cha juzi! Alishusha sindano.

"Lete karatasi. Tupige hesabu."

Walipiga pamoja juu ya ukingo wa kitanda. Msichana alikuwa amekosea. Alisahau kuzidisha kwa uzito wa mtoto. Macho yakamjaa machozi.

"Umekosea hesabu," Mama Wodi alimwambia, na mama wa mtoto anasikia. "Lakini umesema. Na kesho useme tena."

Alimchoma mtoto sindano, akasafisha, akatia sahihi. Kisha akaingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili akabonyeza namba ya mdogo wake. Ililia kwa muda mrefu. Ikapokewa na sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Ofisi ya Mheshimiwa Naibu Waziri. Yuko kwenye kikao. Nimwambie nani amepiga?"

"Mwambie Dada."

"Dada nani, tafadhali? Wanapiga wengi."

Mama Wodi aliegemea rundo la mashuka. Nje mtoto alikuwa ameanza kulia, na mtu akaita jina lake la wodini.

"Mwambie aliyemlea," akasema. "Mwambie sina tena hasira za kumfokea. Ila nina neno juu ya kunyamaza kwetu, na safari hii nitamwambia usoni, na yeye aniambie."

"Akupigie saa ngapi?"

"Muda wowote," akajibu, akafungua mlango.