Chumba Kilichojaa

Mama alivuka utepe wa kuzuia wageni kabla sijamdaka mkono.

Mpaka hapo alikuwa amenifuata bila matata, akilalamikia miguu tu. Jumba lile la sanaa za kisasa lilikuwa zege tupu, halina dirisha hata moja. Mwanga ulishuka kutoka juu, mahali usipopaona, na ujia wa kuingilia ulizidi kubana kadiri tulivyosonga mbele. Tuliposimama, mlio wa nyayo zetu uliendelea kidogo nyuma yetu, kana kwamba kulikuwa na mtu wa tatu asiyetaka kutupita.

"Aliyejenga hapa," Mama alisema, "hakuwa na mama wa kumuuliza madirisha yako wapi."

Nilicheka. Sikucheka tena siku ile.

Ujia ulipofunguka, tulikiona chumba chetu.

Msanii alikuwa amepita mtaani kwetu baada ya sisi kuhamishwa kupisha barabara mpya. Alimimina plasta ndani ya vyumba vitupu hadi darini, akaiacha ikauke, kisha kuta zikavunjwa. Kilichobaki ni kile kilichokuwa katikati yake: hewa tuliyoivuta miaka yote, imegeuka jiwe jeupe. Nilikuwa nimeona picha gazetini, nikazitambua nondo za dirisha letu. Ndiyo maana nikamleta. Nilidhani atafurahi.

Kila kitu kilikuwa kinyume. Swichi ya taa ilikuwa shimo. Ufa wa ukutani ulikuwa mshipa uliotuna. Mama aliupapasa mshipa ule taratibu, akaufuata, mpaka mkono wake ukasita.

Kando ya mlango, usawa wa kifua, kulikuwa na alama ya kiganja iliyodidimia kwenye plasta. Kidole cha mwisho kiliishia kwenye pingili ya kwanza.

Kaka yangu alikatwa kidole hicho na msumeno alipokuwa akijifunza useremala. Baadaye alisafiri kutafuta kazi. Alipiga simu mbili tatu, kisha kimya. Watu wa barabara walipokuja kutuchorea alama nyekundu ya kubomoa ukutani, majirani walifungasha; Mama aliweka kiti kizingitini ili kaka akirudi amkute, mpaka askari wakambeba na kiti chake. Baba zangu wadogo walitaka tumlilie kaka yaishe. Mama akawaambia waende wakalie wafu wao.

"Samahani mama, hairuhusiwi kugusa." Mlinzi wa ukumbi alikuwa amesogea, anaongea kwa upole.

"Mkono huu ni wa nani, mwanangu?"

"Kila mtu anauliza. Plasta ilikuwa imeshakauka kabisa. Walipoondoa matofali, wakaukuta upo. Hata msanii mwenyewe hajui."

Nilipiga hesabu hiyo kichwani. Aliyebonyeza pale angepaswa kuwa amesimama ndani ya ukuta.

Mama alilaza kiganja chake ndani ya kile kingine.

"Pana joto," alisema.

Mlinzi akaangalia sakafu. Hakuturudisha nyuma ya utepe.

Mimi napima watu macho. Riziki yangu ni kumwambia mtu ukweli wa kile anachokiona na asichokiona. Mama alipotoa mkono, nikaweka wangu. Kisha nikaupeleka kwingine, juu, chini, kwenye shimo la swichi. Kwingine kote jiwe lilikuwa baridi.

Mama hakulia. Alisogeza mdomo karibu na plasta, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili, akaanza kumwelekeza kaka njia ya tulikohamia. Ashukie stendi. Apite hospitali. Aifuate lami hadi kwenye tangi la maji, hapo akate kushoto, nyumba yenye mlango wa kijani.

Nilimshika bega ili tuondoke. Badala ya kumvuta, niliinama pale alipoinama yeye.

"Kulia," nikasema. "Kwenye tangi unakata kulia."