Gari la Jacques Kabla ya Baridi

Kifuniko cha gari kilikuwa mablanketi matatu yaliyoungwa kwa uzi mweusi, na mishono yake ilikwenda upogo kama mwandiko wa mtoto. Marcelline alikikunjua mlangoni pa banda, nyuma ya nyumba waliyopanga Troyeville, akapitisha kidole juu ya mishono ile. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini. Mumewe aliona haya kumwomba amshonee, akashona mwenyewe.

Jacques alifariki mwezi wa tatu. Sasa Juni ilikuwa imeingia, nyasi za Johannesburg zimekauka, na asubuhi sakitu, umande ulioganda, ilitanda juu ya mabati. Wakati huu kila mwaka Jacques alikuwa akililaza gari lake la spoti, jekundu, la viti viwili, lenye paa la turubai ambalo baridi ingelipasua. Aliliosha, akajaza tangi, akatoa betri, akaliinua juu ya matofali, kisha akalifunika mpaka Septemba.

Marcelline hakuwahi kulipanda. Jacques alilinunua miaka kumi na miwili iliyopita, kwa akiba waliyoiweka ili warudi Bukavu. Siku ile alimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba hawezi kukalia nauli ya kwao. Jacques hakumshawishi tena.

Aliyekuja kumsaidia ni Herménégilde, Mrundi, mlinzi wa jengo la jirani na rafiki wa marehemu. Marcelline alimweleza kwamba joto likirudi ataliuza. Alikwisha kumwambia binti yake pia. Benita akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba afanye apendavyo, kisha akajifungia chumbani.

Waliliosha pamoja. Herménégilde alipofungua boneti na kushika spana, mkono wake ulisita.

"Shemeji, Jacques hakuwahi kulilaza bila kulitembeza kwanza."

"Kulitembeza wapi?"

Akamsimulia. Kila mwaka, siku moja kabla ya kazi hii, wao wawili walishika barabara kuu ya kaskazini, paa limefunguliwa, Jacques amevaa koti zito. Hawakuwa wakienda kwa mtu. Waliipita Pretoria, na karibu na Hammanskraal Jacques aligeuza. Mwaka mmoja Herménégilde alimwuliza maana yake. Jacques alisema kwamba barabara ile, mtu akiifuata asichoke, inavuka Limpopo, inavuka Zambezi, mwisho inamfikisha Bukavu, kwa mama yake Marcelline. Nauli huliwa, alisema, lakini gari likiwapo, safari ipo.

Marcelline alikikamua kitambaa kilichokuwa mkononi mwake mpaka kikaacha kudondosha maji.

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa utamwuliza ni lini."

Alikwenda ndani, akarudi amevaa koti la mumewe, akaingia kwenye kiti cha abiria. Kiti kilikuwa chini kuliko alivyodhani, na ngozi yake ilikuwa na bonde dogo, kwani rafiki wa mumewe alikuwa amekalia upande ule mara nyingi. Herménégilde akaelewa, akafungua paa, akashika usukani.

Upepo ulimtoa machozi ambayo hakulazimika kuyaeleza. Alimkumbuka Jacques kijana, shati likifura mgongoni, akimpandisha kwa pikipiki vilima vya Bukavu huku ziwa Kivu likijitokeza na kujificha kati ya nyumba. Wakati ule alimkumbatia kiunoni, wala hakuuliza wanakokwenda. Hakuweza kukumbuka ni lini alianza kuuliza.

Pretoria ikabaki nyuma. Magari yakapungua, pande zote mbili nyasi za manjano zililala chini ya jua la saa sita, na malori yenye namba za nchi za mbali yakawapita taratibu.

Herménégilde akapunguza mwendo, akawasha taa ya kukata kushoto.

"Hapa ndipo alipokuwa akigeuza, shemeji."

Marcelline alilitazama lori lililokuwa mbele yao, matope ya nchi nyingine yamekauka mkiani mwake.

"Twende mbele kidogo," akasema.

Herménégilde akaizima taa.