Kitufe cha Leta

Jumanne saa tatu asubuhi, Bavon, mvuvi wa maporomoko, aliketi mbele ya kompyuta ya maktaba moja ya Kisangani akaandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku cha Mwandishi. Mashine ikamjibu kwa Kifaransa kwamba hayumo. Akaandika la baba yake. Naye hakuwemo. Visanduku vilikuwa vinane, vyote vya Kifaransa, na kimoja kilitaka namba ambayo hata mkurugenzi hakuijua.

"Imeniuliza jina, nikaweka yangu," alimwambia Kavugho. "Unaona? Miye siko."

Kavugho ndiye aliyetengeneza ukurasa huo wa kutafutia vitabu. Orodha ilikuwa ya pamoja: maktaba hiyo ya Kisangani, nyingine ya Yangambi, kabati la parokia moja kule Banalia, na jumba moja la makumbusho la Ulaya lililokubali kuonyesha orodha yake lakini haliazimishi kitu, hata karatasi. Kwa wiki tatu alikuwa amejivunia visanduku vyake vinane. Sasa aliona aibu, tena aibu ya kweli, maana yeye ni mtoto wa dukani.

Katika duka la jumla la mama yake, Kanyere, mteja haulizwi nani alitengeneza sabuni. Anasema, "Nipe ile ya kufulia, ya karatasi ya bluu." Kanyere anageukia depo, ghala la nyuma ya duka, anapaza sauti, "Leta!" na kitu kinaletwa. Basi, biashara imekwisha.

"Papa Bavon," alisema Kavugho, "weye unatafuta nini, kwa kweli?"

Bavon akaeleza. Familia yake ina nafasi yake kwenye maporomoko, na kila mwaka husimamisha hapo miti ya kuning'inizia vikapu vya samaki. Baba yake alifariki kabla ya kumwonyesha fundo la mti wa katikati. Bavon alikuwa amejaribu mara mbili, na mara mbili mto ukabeba kila kitu. Maji yalikuwa karibu kupanda. Wiki mbili zikipita bila miti kusimama, nafasi inapewa watu wengine, na hairudishwi.

"Nilisikia muzungu mumoja aliandikaka ile mambo zamani," alisema. "Donc nikasema niko nakuja kuona."

Kavugho akafuta visanduku vyote vinane. Akaweka kimoja kirefu, juu yake akaandika Unatafuta nini? na chini yake kitufe kimoja: Leta. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Alhamisi Bavon akarudi, akaandika vilevile anavyosema: fundo ya muti ya katikati, pale maji iko mbio. Mashine ikatafuta kidogo, ikatoa kitabu kimoja cha mwaka 1956. Mwandishi: profesa fulani. Mahali: Ulaya. Hakiazimishwi. Muhtasari ulisema kimeandikwa kwa maelezo ya mvuvi mmoja mwenyeji.

Bavon akabonyeza Leta, kwa sababu kitufe kilikuwa hapo.

Ijumaa saa nne aliingia mzee mwembamba, maji yakimtiririka miguuni, akapangusa nyayo mlangoni. Alikuwa Osée, babu yake Bavon, aliyezikwa mwaka 1971. Ursule wa mapokezi akamsogezea daftari la wageni, na mzee akaweka kidole gumba.

"Nani aliniita?"

"Ni miye, koko," alisema Bavon. Alikuwa amemwona koko, yaani babu, kwenye picha tu. "Ni juu ya fundo."

"Ile tu? Leta kamba."

Kamba haikuwepo. Kavugho akachomoa waya wa intaneti. Osée akaanza kufunga mguu wa meza, polepole ili mjukuu afuate. "Unapitisha chini mara tatu, si mara mbili. Papa yako alikuwa na haraka tangu mutoto." Bavon alicheka na kulia kwa pamoja. Akafunga, akafungua, akafunga tena mpaka saa sita. Wasomaji walikosa intaneti asubuhi yote, wakanung'unika kama kawaida.

Mkurugenzi, Ambroise, alitoka ofisini mwake. "Bon," alisema. "Kadi ya musomaji anayo?" Ursule akamwandikia.

Kabla ya kuondoka, Osée alitaka kuona ukurasa. "Jina yangu iko wapi?"

Bavon akamsomea muhtasari.

"Mvuvi mumoja... ni miye?"

"Ni weye, koko."

"Siku kumi na ine ule muzungu alikula samaki kwangu," alisema mzee. "Jina yangu aliijua muzuri."

Maneno hayo yalimuuma Kavugho. Siku hiyohiyo aliandikia jumba la makumbusho kuomba Osée awekwe kuwa mwandishi. Jibu lilikuja, lenye adabu nyingi: mtoa habari si mwandishi, na kisanduku cha Mwandishi hakibadilishwi.

Miti ilisimama siku tatu kabla ya maji kupanda, na mpaka leo imesimama. Bavon alileta maktabani samaki wawili wakubwa; Ursule aliwapokea kwa niaba ya taasisi. Kisha mwanafunzi mmoja alibonyeza Leta, akaja mama wa Banalia aliyejua majina ya kamba zote za msituni, naye akapewa kadi. Baada yake akaja mkulima wa Yahuma, mtu wa mihogo, mpenda mazungumzo. Ambroise aliongeza mabenchi mawili na zulia nene mlangoni, kwa ajili ya miguu.

Kwenye rekodi ya kitabu hicho, kisanduku kimoja tu Kavugho aliruhusiwa kubadilisha, cha Mahali. Alifuta Ulaya, akaandika: Kwa Osée wa maporomoko. Anakuja asubuhi.

Juu yake bado liko jina la profesa. Siku hizi vijana wa familia nyingine pia humwita mzee, na kila akija anapitia kwanza mezani kwa Kavugho.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, koko. Ni ile ile."

"Andika tena," anasema Osée, akivuta kiti. "Miye niko na wakati."