Plani Iliyokwenda Kilioni

Kosa lilikuwa la Deborah mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma.

Miezi miwili nyuma, katika ofisi yao ndogo ya kuchimba visima pale mtaani Golf, Papa Edouard na Habiba walikuwa wakiandika kwenye plani ya kazi kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake. Huyu anaweka Jumatatu, yule anaweka Ijumaa, na wa mwisho kubonyeza ndiye mshindi. Désiré, dereva wa lori, aliwahi kwenda Likasi kuchukua saruji ambayo tayari alikuwa ameibeba.

Deborah, aliyetoka chuo kikuu juzijuzi na kuamini kwamba watu wakipewa utaratibu mzuri watapendana, akaweka kufuli. Anayefungua plani ili aandike, wenzake wanasoma tu mpaka aiachilie. Fundi aliyeitengeneza plani hiyo ya simu akamwuliza kama anataka ufunguo wa kuvunja kufuli siku ya dharura.

"Hapana," Deborah alijibu. "Sisi tunaaminiana."

Kisha akamwapisha Désiré: kisichoandikwa kwenye plani, lori halikifuati.

Basi Jumanne asubuhi Papa Edouard alifungua plani kusahihisha tarehe ya kisima cha zahanati ya kijiji cha Lukafu. Kidole kikiwa bado hewani, akapigiwa simu kwamba baba yake mdogo amefariki. Akaondoka vile vile, kufuli likiwa bado lake. Mabomba ya kisima hicho yakabaki yameandikwa Alhamisi, ilhali mashine ya kuchimba ilikodiwa kwa Jumatano tu. Na aliyemwahidi mkunga wa Lukafu kwamba kina mama waliojifungua hawataogeshwa tena kwa maji ya mtoni alikuwa Deborah, kwa mdomo wake.

"Yaya Désiré, kaka yangu, nakuomba, uondoke kesho alfajiri."

"Mu plani iko siku gani?"

"Alhamisi, lakini..."

"Njo weye ulituapisha, mama. Sina kichwa nguvu miye. Niko na plani."

Habiba alicheka mpaka akafuta macho. "Wende ku kilio. Lakini muntu wa kilio, habamusemeshake mambo ya kazi."

Kule Katuba, nyumbani kwa msiba, Deborah aliketi mkekani na wanawake akalia. Alilia kweli, ingawa hakumjua marehemu. Moyo wake ulikuwa wa namna hiyo. Akala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Ndipo akamnyemelea Edouard.

"Pole sana, Papa. Samahani, simu yako..."

Edouard alionyesha kwa kidevu. "Iko kwa munungwe."

Katikati ya ua, mama mmoja mnene alikuwa amevaa koti la Edouard, akitembea kama Edouard, akilalamikia magoti kwa sauti ya Edouard. Huyo ndiye Mama Victorine, mtani wa ukoo. Msibani munungwe huchukua chochote cha mfiwa na kumwigiza apendavyo, na hakuna kukasirika. Simu ilikuwa mfukoni mwa lile koti.

"Mama, naomba hiyo simu dakika moja. Kuna kitu Papa Edouard amekifunga."

"Edouard? Hata suruali yake haifungake muzuri."

Wanawake waliangua kicheko. Edouard akatazama viatu vyake, na pembe ya mdomo wake ikatikisika.

Deborah akaeleza yote: mashine, mabomba, mkunga. Victorine alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani ya Edouard, akaisoma plani mstari kwa mstari.

"Kamyo inarudia bule toka Lukafu?"

"Lori tupu, ndiyo."

"Dada yangu iko na magunia ya bunga kule. Na hapa bantu banakula mara mbili ku siku."

Akaanza kuandika. Alhamisi ikawa Jumatano, na Deborah akapumua. Kisha mstari mpya ukatokea: lori kurudi na magunia manne ya unga, kuleta Katuba.

"Mama, lori ni la mradi."

"Mradi ni ya nini?"

"Wa kusaidia watu."

"Na siye tuko mbuzi?"

Simu ilikuwa imeanza kurudi mfukoni.

"Mawili," Deborah alisema haraka. "Barabara ni mbaya."

"Matatu."

"Matatu."

Victorine akabonyeza kuiachilia.

Alhamisi mchana mkunga alituma picha: maji yanaruka, yana tope, na mikono mingi imo ndani yake. Deborah alikimbia hadi Katuba. Désiré alikuwa akishusha gunia la tatu, hana swali hata moja. Edouard aliitazama picha, akaitazama tena. Victorine akamnyang'anya, akawapa wanawake, simu ikazunguka mkeka mzima. Iliporudi kwake, akaitia mfukoni.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Najua. Ulilia hapa, ulikula hapa, na weye uko mfiwa. Sasa unakimbilia wapi?"

Edouard akamsogezea kiti. Deborah akakaa.