Kilomita Elfu Tatu na Mto Mmoja

Hesabu aliipiga Musyimi, tena kwa majivuno. Dada yake Mumbua, aliyekuwa kijakazi huko Doha kwa miaka saba, alikuwa amepewa ruhusa ya kuja kumzika mama yao. Wazee wa kijiji chao cha Nuu walitaka kujua atafika saa ngapi, maana kwao kaburi huchimbwa asubuhi ya maziko na likishachimbwa halilali wazi. Kaburi likikosa mtu wake kabla ya jua kuzama, husemwa kwamba litajitafutia mwingine.

Musyimi aliwasomea kutoka kwenye simu. Kutoka uwanja wa Doha hadi wa Nairobi ni kilomita elfu tatu na mia tatu na ushei, na ndege huzimaliza kwa saa tano na dakika chache. Atatua saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba mchana atakuwa nyumbani. Chimbeni.

Nzuki, baba yao mdogo, ndiye pekee aliyeuliza. "Na mto umeuhesabu?"

"Mto gani, baba mdogo? Ule mchanga watoto wanaochezea mpira?"

Watu walicheka.

Ndege ilitua kwa wakati wake. Saa sita Mumbua alipiga simu kwamba amepita mji wa Mwingi. Anga ya Nuu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko milimani, mbali, na saa saba kasorobo mto ulishuka ukinguruma, mwekundu, umebeba miti na mbuzi wa watu.

Musyimi alikimbia hadi ukingoni. Ng'ambo aliona gauni la buluu, na sanduku limesimamishwa kando yake. Alimtambua Mumbua kwa jinsi alivyoshika kiuno, kama mama yao. Maji yalikuwa na kelele mno. Walizungumza kwa simu huku wakitazamana. Alimwambia yatapungua. Walingoja saa nane, saa tisa, saa kumi. Maji yakazidi.

Nzuki alikuja akasimama nyuma yake. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba mchungaji anauliza, na jua halimngojei mtu. Musyimi akamsihi: walifukie shimo kidogo, walale, wamzike kesho. Mzee akatikisa kichwa. Kaburi lilichimbwa kwa neno lake Musyimi. Sasa lina njaa, na nyumba ile ina watoto.

Mumbua alikuwa amesikia yote kwenye simu.

"Mzikeni," alisema. "Usikate simu. Niweke karibu na udongo."

Basi Musyimi akapiga magoti kando ya kaburi, akaishikilia simu karibu na udongo. Kwaya iliimba. Bonge la kwanza la udongo, ambalo ni haki ya kifungua mimba, alilitupa yeye kwa niaba ya dada yake, likagonga jeneza. Kwenye simu alisikia pumzi ikikatika, kisha kitu kikitumbukia majini. Mumbua alikuwa ametupa udongo wa upande wake.

Asubuhi mto ulikuwa mchanga tena. Mumbua aliuvuka peku, viatu mkononi, na Musyimi, aliyekuwa akimngoja, alijikuta akizihesabu hatua zake. Zilikuwa hamsini na mbili.

Alitaka kuomba msamaha. Mumbua alimkabidhi sanduku.

"Lina shuka la mama," alisema. "Nilitaka alale nalo."